Bodi Bubu na Waya Wake

Tarehe 26 Aprili 1985, kwenye ofisi za kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza, zilifika chipu za kwanza za prosesa ambayo Sophie Wilson na Steve Furber walikuwa wakiihangaikia tangu 1983. Ilikuwa na transista kama 25,000, idadi ndogo hata kwa wakati ule. Bodi ya kuijaribia ilikuwa tayari mezani. Wakaichomeka, na alasiri ile ile kwenye skrini ya kompyuta iliyokuwa pembeni ikatokea thamani ya pai, sahihi, tarakimu kwa tarakimu.

Furber alipoweka amita kwenye njia ya umeme ili ajue chipu inakula kiasi gani, amita ilisoma sifuri. Alitazama vizuri akakuta kwamba bodi ina kasoro: njia ya kuipelekea chipu umeme haikuwa imeunganishwa kabisa. Prosesa ilikuwa ikipiga hesabu kwa umeme mdogo uliokuwa ukivuja kuingia ndani kupitia miguu yake ya mawasiliano, ile iliyokusudiwa kupitisha data tu.

Kisa hiki husimuliwa sana kuonyesha jinsi ARM ilivyozaliwa na tumbo dogo, ndiyo maana leo imo ndani ya karibu kila simu. Mimi hunishika kwa sababu nyingine. Chipu ile haikuwa na skrini yake wala kibodi yake. Ilining'inizwa kwenye BBC Micro, kompyuta ya kawaida ya mashuleni, na BBC Micro ndiyo iliyokuwa mdomo na masikio yake. Na mdomo huo ulitamka jibu sahihi huku bodi ikiwa mbovu. Hapo tayari limo fumbo lote la kazi ya kuiamsha bodi mpya: unachokisikia kinatoka mbali, kupitia kwa mkalimani, na huwezi kuwa na hakika kama mgonjwa ni programu, ni shaba, au ni mkalimani mwenyewe.

Anayeandika programu za kawaida hana shida hii. Programu yake ikianguka, kiini cha mfumo endeshi, yaani kerneli, kinabaki kimesimama. Kinajua nani kaanguka, alikuwa amefikia wapi, na alishika nini mkononi. Kikianguka kiini chenyewe, hakuna aliyebaki chini yake wa kuandika taarifa ya msiba. Wahenga walisema mwosha huoshwa, ila huyu hana wa kumwosha. Skrini ni yeye aliyekuwa akiiendesha, diski ni yeye, mtandao ni yeye. Anapokufa anazima vyote na kuondoka navyo.

Kwa hiyo lazima pawe na mashine ya pili: moja ifanyiwe kazi, nyingine imtumikie fundi, na kati yao waya.

Mwaka 1986 Richard Stallman aliandika GDB, programu ya kusakia hitilafu ambayo mafundi wengi huiita tu dibaga. Kwa msomaji wa makala hii sehemu yake iliyo muhimu kuliko zote ni ndogo na haina urembo wowote: lugha ambayo dibaga huitumia kuongea na mashine iliyo upande wa pili wa waya. Upande huo panawekwa kijiprogramu kidogo ambacho mimi hukiita bawabu. Mabawabu wa awali wa GDB, wa prosesa za Motorola 68000 na Intel 386, walitokana na kazi ya kitengo cha Hewlett-Packard cha Lake Stevens, jimbo la Washington, kilichokuwa kikitengeneza vyombo vya upimaji. Kampuni iliitoa bure kwa yeyote, bila masharti ya hakimiliki.

Lugha yenyewe inafaa kuonwa kwa karibu. Fundi akitaka kujua kilichomo ndani ya rejista zote za prosesa, kompyuta yake hutuma alama tano tu:

$g#67

Dola ni hodi. Herufi g ni haja yenyewe: nipe rejista. Alama ya reli inasema haja imekwisha, na 67 ni hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Kwa hesabu za kompyuta herufi g ni 67 katika mfumo wa tarakimu 16, na kwa kuwa ujumbe ni herufi moja, jumla yake ni hiyo hiyo. Bawabu akipokea salama, kabla ya jibu lolote anarudisha alama moja, +. Hiyo ndiyo karibu yake. Akiona hesabu haikubali anarudisha -, na mgeni anapiga hodi upya. Mtu anaweza kuyaandika yote haya kwa kidole chake kwenye kibodi, na wapo waliofanya hivyo usiku ambao dibaga yenyewe ilikuwa ikishukiwa.

Ili kuisimamisha mashine mahali fulani, dibaga huondoa amri moja ya programu na kuweka mtego badala yake. Prosesa ikiukanyaga inaacha yote na kumkimbilia bawabu. Yeye hujifungia ndani, haruhusu katizo lolote, anaukodolea macho mlango wa waya akingoja dola nyingine. Wakati huo kiini kizima kimeganda. Saa yake haisogei. Fundi anaweza kwenda kunywa chai, akirudi atakuta kila kitu kama alivyokiacha.

Udhaifu wake uko wazi: bawabu naye ni programu. Anahitaji kumbukumbu inayoshika na mlango wa siriali unaofanya kazi. Kwenye bodi iliyotoka kiwandani jana, hivyo ndivyo vitu ambavyo bado havina uhakika. Hapo ilikuja njia nyingine, na ilitoka kwa watu waliokuwa na shida tofauti kabisa. Mwaka 1985 kampuni kadhaa za Ulaya ziliunda kikundi cha kutafuta namna ya kupima maungio ya bodi, kwa kuwa chipu zilikuwa zikibanana kiasi kwamba sindano za kupimia hazipati pa kugusa. Kikundi kilikuja kuitwa kwa herufi nne, JTAG, na kazi yake ikawa kiwango rasmi, IEEE 1149.1, mwaka 1990. Watengenezaji wa prosesa waliona haraka kwamba miguu ile michache ya kupimia risasi inaweza pia kutumika kuishika prosesa shingoni na kuisimamisha, hata kama haina programu hata moja ndani. Ukikutana na jina ARM7TDMI, herufi D na I zinahusu uwezo huo. Mwaka 2005, huko Augsburg, Ujerumani, Dominic Rath aliifanya kazi yake ya mwisho ya masomo kuwa programu huria ya kuutumia mlango huo, OpenOCD, na kifaa ambacho zamani kilinunuliwa na kampuni tu kikafika mikononi mwa mwanafunzi. Fundi wa simu wa Kariakoo anayeunga nyaya nyembamba kama nywele kwenye simu iliyokufa ili kuirudishia programu yake huenda anapita mlango huo huo.

Lakini waya mrefu kuliko wote katika historia hii haukuwa waya.

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye bonde la Ares Vallis, sayari ya Mirihi, kikidundadunda juu ya mifuko ya hewa. Tumboni kilibeba kigari cha Sojourner, kama kilo 10 na nusu. Kompyuta ya chombo ilikuwa RAD6000, prosesa iliyokomazwa dhidi ya mionzi, megahezi 20, na kumbukumbu ya megabaiti 128. Kiini chake kilikuwa VxWorks, kazi ya kampuni ya Wind River ya California. Ishara ya redio ilichukua kama dakika 10 kufika Duniani.

Siku chache baada ya kutua, kompyuta ilianza kujizima na kujiwasha upya yenyewe. Data iliyokwisha kukusanywa haikupotea, ila kila tukio lilikatiza kazi zilizobaki za siku hiyo hadi kesho yake. Magazeti yaliandika kuhusu kompyuta kuelemewa. Glenn Reeves na kundi lake la programu za chombo, katika maabara ya JPL huko Pasadena, hawakuridhika na maelezo hayo.

Kabla ya kusema walichokikuta, nieleze kwa nyumba ya kwetu. Kuna ghala lenye ufunguo mmoja. Mtoto katumwa kuchota kitu. Kachukua ufunguo, kaingia. Mzee mwenye nyumba naye anafika, ana haraka kuliko wote, lakini lazima angoje ufunguo. Si neno, mtoto atatoka sasa hivi. Kumbe mtoto, kabla hajafika mlangoni, anaitwa na wageni wa sebuleni: leta maji, sogeza kiti, washa taa. Wageni ni wakubwa kuliko mtoto, hawezi kuwakatalia. Wala hawajui kwamba mzee anangoja nje. Hakuna aliyefanya kosa, na bado mwenye haraka kuliko wote anacheleweshwa na watu wasio na haraka.

Kwenye Pathfinder, mtoto alikuwa kazi ya kukusanya vipimo vya hali ya hewa, yenye kipaumbele kidogo. Mzee alikuwa kazi ya kusambaza data iliyotoka kwenye njia kuu ya mawasiliano ya chombo, mzunguko mara 8 kila sekunde. Ufunguo ulikuwa kufuli lililofichika ndani ya kiini chenyewe, kwenye huduma ambayo programu huitumia kungoja data kutoka sehemu kadhaa kwa pamoja. Waandishi wa programu za chombo hawakulifunga kwa mikono yao. Liliwafungia bila wao kuliona. Kazi ya hali ya hewa ilikuwa ndiyo kwanza inaliachia, ikakatizwa na kazi za kati. Kazi ya usambazaji ikakwama. Zamu iliyofuata ilipoanza, kazi ya tatu, yenye wajibu wa kupanga ratiba, ilikuta usambazaji wa zamu iliyopita haujakwisha. Kwa sheria za chombo hilo lilikuwa kosa lisilovumilika, na dawa yake ilikuwa moja: kuwasha upya.

Walilijuaje, wakiwa umbali huo? Hapa ndipo roho yangu ilipo katika kisa chote. Programu iliyorushwa Mirihi ilibeba vifaa vyake vyote vya kusakia hitilafu, vile vile vilivyotumika maabara, pamoja na karani anayeandika kila mabadiliko ya kazi kwenye daftari la duara, ukurasa wa mwisho ukijaa anarudi wa kwanza. Kule juu karani huyo alikuwa amenyamazishwa, kwa kuwa maneno yake yangekuwa mengi kuliko uwezo wa redio. Lakini maabara walikuwa na pacha wa kompyuta ile. Wakamwasha karani, wakaiendesha pacha kama chombo kilivyoendeshwa, wakangoja. Haikufika saa 18, pacha ikajizima, na daftari likaonyesha hatua kwa hatua nani alikuwa ameshika nini.

Baadaye watu walisimulia kwamba vifaa hivyo vilisahauliwa ndani kwa bahati njema. Reeves aliandika kukanusha: viliachwa kwa makusudi, kwa imani kwamba unachokijaribu ndicho unachokirusha, na unachokirusha ndicho ulichokijaribu. Nimelishika neno hilo kwa miaka mingi. Mara ngapi nimeona kundi la watu likifuta kila kitu siku ya mwisho, daftari, bawabu na njia ya siriali, ili bidhaa ionekane imekamilika, kisha wiki mbili baadaye wanaiangalia kama jiwe.

Dawa yenyewe ilikuwa imeshaandikwa. Mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walichapisha makala iliyoonyesha namna ya kuondoa mkwamo huu: aliyeshika ufunguo aazimwe hadhi ya anayeungoja, hadi aurudishe. Mtoto anapita sebuleni kwa heshima ya mzee, na hakuna mgeni wa kumtuma. VxWorks ilikuwa na uwezo huo, ila kwenye kufuli lile ulikuwa umezimwa. Kundi la Reeves lilishauriana na Wind River juu ya madhara ya kuuwasha, wakajaribu, kisha wakatuma Mirihi tofauti tu kati ya programu iliyokuwa kule na ile waliyoitaka. Programu nyingine ya chombo, yenye ukaguzi mwingi, ikairekebisha nakala ya huko. Desemba mwaka huo, San Francisco, David Wilner wa Wind River alisimulia kisa hicho kwenye mkutano wa wataalamu wa mifumo ya muda halisi. Waandishi wote watatu wa makala ya 1990 walikuwemo ukumbini, na mwishoni wakaombwa wasimame.

Reeves alikiri pia kwamba hitilafu ilikuwa imeonekana maabara kabla ya kutua, ikakataa kujirudia walipoifuatilia. Si jambo dogo kulikubali hadharani.

Miaka mitatu baadaye swali la bawabu lilizuka upya, safari hii kwenye kiini cha Linux. Linux ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya kompyuta za mezani; Russell King aliipeleka kwenye ARM tangu 1994, na kila mwezi mtu fulani mahali fulani alikuwa akijaribu kuisimamisha juu ya bodi isiyojulikana na mwingine. Mabawabu walikuwepo, kgdb akiwa mmojawapo, lakini kama kiraka cha pembeni ambacho kila mtu alijishonea. Mnamo Septemba 2000 Linus Torvalds, muumba wa Linux, alieleza msimamo wake bila kuficha: hapendi dibaga za kiini. Hoja yake ilikuwa kwamba dibaga humfundisha mtu kutibu dalili. Asiyekuwa nayo hulazimika kuusoma msimbo, kuuelewa na kufikiri, na hao ndio aliowataka.

Namheshimu kwa hoja hiyo, na kwa msimbo wa kawaida naamini alikuwa karibu na ukweli. Ila hoja hiyo inadhania kwamba vifaa vyenyewe ni vizima. Anayeiamsha bodi mpya hana uhakika huo. Msimbo aliousoma mara kumi unaweza kuwa safi, na tatizo likawa waya mmoja wa saa uliopita karibu mno na mwenzake. Kufikiri kwake kunahitaji ushahidi, na ushahidi uko upande wa pili wa waya.

Kwa miaka mingi kiraka kililelewa nje ya nyumba, na Amit Kale, na Tom Rini, kisha Jason Wessel. Kila toleo jipya la Linux lilikivunja, wakakishona tena. Kazi ya namna hii haina sifa wala picha gazetini. Mwaka 2008, katika toleo la 2.6.26, kgdb aliingizwa rasmi ndani ya Linux, akiwa amepunguzwa na kusafishwa. Wessel alikuwa mfanyakazi wa Wind River, kampuni ile ile ambayo kiini chake kilijizima na kujiwasha kwenye vumbi la Mirihi miaka 11 kabla.

Tangu hapo mtu huongeza maneno mawili kwenye amri za kuwashia: kgdboc, linalomwambia bawabu asimame mlango gani, na kgdbwait, linalomwambia asubiri mgeni kabla ya kuendelea. Maneno mawili, na usiku mmoja wa maisha yangu.

Ilikuwa Dar es Salaam, bodi mpya ya kituo cha kupimia mvua, nakala mbili tu zilizopo. Butiloda ya U-Boot, programu inayokitangulia kiini, iliamka vizuri, ikapakia kiini, ukatokea mstari ule ambao kila aliyefanya kazi hii anaujua: Linux imekunjuliwa, sasa tunakikabidhi kiini usukani. Baada yake, kimya. Kimya kile ni kizito kuliko ujumbe wowote wa kosa. Niliunganisha dibaga, hodi, hodi, hakuna karibu. Nilibadilisha waya, nikapima umeme, nikalaumu kumbukumbu ya bodi, nikamlaumu aliyeichora.

Saa nane usiku mwenzangu, aliyenizidi umri na uvumilivu, aliniambia: "Mdogo wangu, usiizime. Ibonyeze ianze upya, halafu tuichungulie kabla haijasahau." Alimaanisha kumbukumbu. Usipokata umeme, mara nyingi kumbukumbu hushika yaliyomo hata prosesa ikianza upya, na kiini huandika kila neno lake kwanza kwenye daftari la ndani kabla ya kulituma nje. Kwenye ramani ya kiini tulitafuta jina __log_buf: c0a5c1f4. Hiyo ni anwani pepe, jinsi kiini kinavyoiona kumbukumbu. Kumbukumbu ya bodi ile ilianzia 80000000, kwa hiyo mahali halisi ni 80a5c1f4. Alibonyeza kitufe cha kuanzisha upya kwa kijiti cha meno, kwa kuwa kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. U-Boot ikarudi. Niliandika amri ya kuchungulia kumbukumbu, md 80a5c1f4.

Upande wa kushoto zilishuka tarakimu. Upande wa kulia, herufi kwa herufi, likaja daftari zima: toleo la Linux, prosesa imetambuliwa, kumbukumbu yote imeonekana, saa zimewekwa sawa. Hakuna kilichokuwa kibovu. Kwenye amri za kuwashia tuliona ttyS0, mlango wa kwanza wa siriali, mara mbili, moja ya maandishi na moja ya kgdboc, wakati waya wetu ulikuwa umeungwa kwenye mlango wa tatu. Mstari wa mwisho kabisa, uliopigwa sekunde moja na nukta kadhaa tangu kuwashwa, ulisema kwamba kgdb anasubiri kuunganishwa na dibaga ya mbali.

Alikuwa amesimama mlango mwingine usiku kucha, akisikiliza hodi yetu.

Nilibadilisha sifuri zote mbili kuwa mbili, ttyS2, nikaiwasha upya. Mwenzangu alivuta kiti karibu na skrini. Dibaga ilituma dola yake ya kwanza, na kutoka upande wa pili ikarudi +.